Makimbilio na Maficho: Kiswahili katika Maisha ya Familia Iliyokimbia, kwa Kuangalia Mpanda na Mtaa wa Makanyagio

1.0 Utangulizi



Mhadhara huu unahusu swali moja. Familia iliyowakimbia watu wenye silaha, wenye orodha ya majina na wenye subira ya kutafuta, huitumiaje lugha ya mahali ilikofikia? Na lugha hiyo nayo huifanyia nini familia hiyo? Mara nyingi wanaisimu tumeueleza uenezi wa Kiswahili kwa kutaja biashara, dini, utawala wa kikoloni, shule na siasa ya ujenzi wa taifa. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayajakamilika. Wako watu wengi waliojifunza Kiswahili usiku na mchana kwa sababu nyingine kabisa: walitaka wasitambuliwe. Kwao Kiswahili kilikuwa nguo ya kuvaa mbele za watu, na nguo hiyo ilipaswa kukaa vizuri mwilini kiasi kwamba jirani asishuku kuwa imeazimwa.

Nimechagua kuliangalia jambo hili kutokea Makanyagio, kata iliyomo katika mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria: hakuna sehemu nyingi katika Tanzania ambazo maisha yake yameguswa na ukimbizi kwa muda mrefu kama Mpanda, mji ulio jirani na Katumba na, mbali zaidi upande wa kaskazini-magharibi, Mishamo. Ya pili ni ya kiisimu, nayo imo ndani ya jina lenyewe. Nitaanza na hiyo ya pili.

2.0 Maneno Matatu: Makanyagio, Makimbilio, Maficho

Tukilitazama umbo la neno Makanyagio, tunaona shina -kanyag-, kiambishi cha kauli ya kutendea -i-, na kiambishi tamati -o kinachounda nomino. Kukanyaga huzaa kukanyagia, na kukanyagia huzaa kanyagio, makanyagio: kitu au mahali pa kukanyagia. Ndiyo sababu kanyagio la baiskeli huitwa hivyo. Kwa njia hiyohiyo kukimbia huzaa kukimbilia, na kukimbilia huzaa kimbilio, makimbilio. Maneno haya mawili ni ndugu wa umbo. Yote mawili yamepita katika kauli ya kutendea, na kauli hiyo ndiyo inayoyapa mwelekeo: mtu hakimbii tu, hukimbilia mahali; hakanyagi tu, hukanyagia mahali.

Linganisha na neno maficho. Hapa hakuna kauli ya kutendea. Shina ni -fich-, na -o imepachikwa moja kwa moja. Maficho hayana mwelekeo. Ni mahali pa kusitiriwa, basi. Aidha, kitenzi kuficha huhitaji yambwa. Mtu huficha kitu au huficha mwenzake. Akitaka kujisitiri mwenyewe husema anajificha. Lakini nomino haikuchukua ile ji- ya kujirejea. Hatusemi “majificho”, tunasema maficho. Kwa hiyo sarufi inaacha mlango wazi: aliyemo mafichoni huenda alijificha, na huenda amefichwa na wengine. Nitarudi katika jambo hili, maana ndilo kiini cha ninayotaka kuyasema.

Neno mkimbizi nalo linastahili kuangaliwa. Katika umbo hili sauti l iliyopotea katika kukimbia, lakini ikabaki katika kukimbilia, inajidhihirisha kwa kugeuka z mbele ya -i ya mtenda, kama ilivyo katika mlezi kutokana na kulea na mtetezi kutokana na kutetea. Lakini z hiyohiyo imo katika kukimbiza. Umbo la neno, basi, linatukumbusha jambo ambalo sheria na takwimu husahau upesi: nyuma ya kila anayekimbia yupo anayekimbiza.

3.0 Anayekimbiza ni Nani?

Si kila anayekimbizwa hukimbizwa na dola. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Uhalifu wa Kupangwa Unaovuka Mipaka, uliopitishwa mwaka 2000 na kutiwa saini Palermo, Italia, unalieleza genge la uhalifu kuwa ni kundi la watu watatu au zaidi, lenye mpangilio, linalodumu kwa muda na kutenda makosa makubwa kwa ajili ya kujipatia faida ya fedha au mali. Kwa upande mwingine, Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unataja sababu tano za kumtambua mkimbizi: rangi au kabila, dini, utaifa, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii, na maoni ya kisiasa. Genge halimo. Baba aliyekataa kulipa kodi ya njia kwa kundi lenye bunduki, na mama aliyeshuhudia mauaji na kujua majina ya wauaji, hulazimika kuthibitisha kwamba hofu yao inaingia katika mojawapo ya visanduku vile vitano. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulipanua mlango kwa kuongeza matukio yanayovuruga vibaya usalama na utulivu wa umma, na upanuzi huo umewasaidia wengi katika eneo letu.

Katika eneo la Maziwa Makuu, mpaka kati ya siasa na ujambazi umekuwa mwembamba sana. Mashariki ya Kongo, tangu miaka ya 1990, makundi yenye silaha yamekuwa yakidai haki za kisiasa kwa mkono mmoja na kukusanya ushuru wa barabara, masoko na machimbo kwa mkono wa pili. Familia zilizovuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma, nyingi zikapelekwa katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, hazikuwa na nafasi ya kuuliza kama aliyechoma nyumba yao alikuwa mwanasiasa au mhalifu.

Kisa kilichoiunda Mpanda tunayoijua ni cha zamani zaidi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na Watutsi wengi waliuawa. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji makubwa dhidi ya Wahutu, yakitekelezwa na jeshi pamoja na umoja wa vijana wa chama tawala. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 100,000 na kuzidi 200,000. Yalikuwa mauaji ya kupangwa: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu walichukuliwa kutoka madarasani na maofisini kwa kuitwa majina. Nasisitiza jambo hili la majina. Mtu aliyenusurika kwa sababu jina lake halikusomwa siku ile hujifunza somo asilolisahau: jina ni kitu cha kuogopwa.

4.0 Kutoka Mpakani Hadi Mpanda

Wakimbizi wa mwaka 1972 walioingia Tanzania walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, kisha kwa zaidi ya laki moja. Kukaa karibu na mpaka hakukuwapa usalama. Mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalivishambulia vijiji vya upande wa Tanzania, na Watanzania pia wakapoteza maisha. Wakimbizi walihamishiwa bara zaidi, katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba (1973) na Mishamo (1978). Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi Tanganyika zilishirikiana katika kazi hiyo. Familia zilipewa ardhi, zikafyeka msitu, zikalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa ajili ya namna nchi yake ilivyowapokea wakimbizi.

Tuliangalie pia neno lililotumika. Hapakuitwa kambi, paliitwa makazi. Kambi huvunjwa, makazi hukaliwa. Hata hivyo mkazi wa makazi hayo hakuwa huru kwenda atakako. Kutoka kulihitaji kibali, na chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1965, iliyokuja kubadilishwa mwaka 1998, mkimbizi aliyekutwa nje bila kibali alikuwa na kosa la kujibu.

Jirani na makazi hayo ulikuwapo mji. Mpanda ulikuzwa na machimbo ya risasi ya Uruwira na tawi la reli kutoka Kaliua, lililofika huko kufikia mwaka 1950. Machimbo yalifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli ikabaki. Mji wa reli ni mji wa watu waliotoka kwingine. Wapimbwe, Wakonongo na Wabende ni wenyeji wa eneo hilo. Wafipa, Wanyamwezi, Wasukuma, Waha na wengineo waliongezeka juu yao. Katika mtaa wa mji wa namna hiyo, Kiswahili ndiyo lugha ya kwanza ya mlangoni. Jirani hakuulizi kwanza ukoo wako, anakujibu salamu. Makanyagio yalikuwa, na yamebaki, mahali pa nyayo nyingi, na penye nyayo nyingi unyayo mmoja hautambulikani kwa urahisi.

5.0 Lugha Ikiwa Nguo

Wataalamu wawili wameliandika jambo hili kwa kina. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1995 tofauti kubwa kati ya wakimbizi wa aina mbili. Wale wa Mishamo walishikilia ukimbizi wao kama hadhi; walisimulia historia yao mara kwa mara, wakajiona taifa lililo uhamishoni. Wale waliojichanganya mjini Kigoma waliacha kujitambulisha hivyo. Walitumia utambulisho zaidi ya mmoja, kwa kadiri ya hali, na mara nyingi walijiita Waha.

Kwa nini Waha? Jibu ni la kiisimu. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kirundi ni D62 na Kiha ni D66. Ni lugha za kundi moja, na wasemaji wake huelewana bila shida kubwa. Mtu anayesema kurara badala ya kulala, kwa sababu Kirundi hakitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, akiulizwa alikojifunzia Kiswahili hicho, anaweza kujibu Kasulu au Kibondo, na lafudhi yake haimkanushi. Aliyetoka Uvira au Fizi alikuwa na kazi tofauti. Yeye Kiswahili alikuwa nacho tangu utotoni, lakini kilikuwa Kiswahili cha kwao, kinachosema batoto badala ya watoto, bintu badala ya vitu, na niko mwalimu badala ya mimi ni mwalimu. Hakuhitaji kujifunza lugha mpya. Alihitaji kukibadilisha kiambishi ba- kuwa wa- bila kusahau hata mara moja, hata akiwa na hasira, hata akimwita mtoto anayekaribia kuanguka kisimani. Wanafunzi wa isimujamii watakubali kwamba hilo ni gumu kuliko kujifunza lugha mpya. Lugha ngeni huisimamia kwa akili. Lahaja yako hukutoka kabla akili haijafika.

Mtaalamu wa pili ni Marc Sommers, aliyeandika mwaka 2001 juu ya vijana waliotoroka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwenda Dar es Salaam. Wengi walikuwa mafundi cherehani. Wengine walizaliwa Tanzania au waliletwa wakiwa wachanga. Hawakuyaona mauaji ya 1972 kwa macho yao. Hata hivyo waliishi kwa hofu, kwa maana hofu walirithishwa na wazazi. Walichunga namna wanavyoongea, waliwachunga wageni waingiao dukani, walimwogopa polisi na pia walimwogopa adui wa kale ambaye huenda ametuma wapelelezi. Hili ni jambo zito. Tumezoea kusema kwamba mzazi humrithisha mtoto lugha. Hapa mzazi amemrithisha mtoto ukimya, kisha akamtuma duniani na lugha ya wengine.

Hofu yao haikuwa ndoto tupu. Mwishoni mwa mwaka 1997 serikali iliendesha misako katika mikoa ya magharibi dhidi ya wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi, na watu waliokwisha kuishi vijijini kwa miaka mingi, wenye mashamba na wenzi Watanzania, walikusanywa na kupelekwa kambini. Hali kadhalika, ndani ya makazi yenyewe siasa za kwao ziliwafuata. Chama cha PALIPEHUTU kilianzishwa Mishamo mwaka 1980. Mahali penye chama cha siri pana mchango unaodaiwa na kijana anayetakiwa. Baba aliyewahamishia watoto wake mjini kimyakimya huenda alikuwa akiukwepa mkono wa adui. Huenda alikuwa akiukwepa mkono wa ndugu.

6.0 Jina la Tatu

Naomba sasa tuichukue familia moja ya kubuni, ili tuone mzigo wenyewe ulikokaa. Baba alitoka Burundi akiwa mvulana. Amehama Katumba bila kibali, amepanga vyumba viwili Makanyagio, anauza samaki wakavu. Mtoto wake wa kwanza anaandikishwa shule. Mwalimu ana fomu mbele yake, na fomu ina nafasi tatu: jina la mtoto, jina la baba, jina la babu.

Utaratibu huu wa majina matatu kwetu ni wa kawaida mno, hata hatuuoni. Lakini Warundi kwa desturi hawakuwa na jina la ukoo linaloshuka kutoka kwa baba hadi mwana. Kila mtoto alipewa jina lake, na mara nyingi jina hilo ni sentensi kamili: Hakizimana, yaani aokoaye ni Mungu, Nduwimana, yaani mimi ni wa Mungu, Bigirimana, yaani mwenye kuyamiliki yote ni Mungu. Ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata silabi. Hivyo nafasi ya kwanza katika fomu haina taabu. Mtoto amekwisha kuitwa Juma, au Maria, au Yohana. Nafasi ya pili nayo inaweza kupatiwa dawa. Baba naye amejifunza kuitikia jina jingine. Nafasi ya tatu ndiyo mtihani. Babu hakukimbia. Babu ndiye aliyeitwa jina lake, akatoka nje, asirudi. Jina lake ni sentensi ya Kirundi, na kila mwalimu aliyewahi kufundisha Rukwa au Kigoma atalitambua.

Akiliandika, ameufungua mlango. Akiandika jina la kubuni, mtoto atasoma miaka saba akiitwa kwa jina la babu asiyekuwapo, na babu aliyekuwapo hataandikwa popote, kwa kuwa kaburi lake halijulikani na waliomjua wametawanyika. Wale waliomuua walitaka asikumbukwe. Mwanawe, kwa kumlinda mjukuu, anawamalizia kazi.

Sidhani kuna nadharia ya isimu inayoweza kumshauri baba huyu. Lakini Kiswahili kina misemo inayomhukumu. Mwacha asili ni mtumwa. Mficha uchi hazai. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali zetu kwa jumla humkemea anayeficha, kwa maana zilitungwa katika jamii ambamo anayeficha humkosea jirani. Lakini lugha hiyohiyo inasema: siri ya mtungi aijuaye kata. Nayo inasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ninyi wanafunzi mnaochambua methali, msiridhike kusema kwamba zinapingana. Ulizeni kila methali inamtazama nani na kutokea upande gani. Mwacha asili ni mtumwa ni maneno ya aliyebaki nyumbani. Aliyefukuzwa hakuacha asili. Alinyang'anywa, akabaki na uamuzi wa namna ya kuitunza katika mahali pasipoonekana.

Hali hii haihusu Mpanda peke yake. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea (2001), mzee Saleh Omar anafika Uingereza kutoka Zanzibar akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban, na kwa ushauri aliopewa anajifanya hajui Kiingereza. Jina aliloliazima ni la marehemu aliyekuwa na ugomvi naye, na mwana wa marehemu yupo Uingereza. Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, ameliona jambo ambalo fomu za uhamiaji haziwezi kuliona: jina la kujifichia nalo lina wenyewe, na deni lake hulipwa.

7.0 Lugha Inapogeuka Ushahidi

Hadi hapa tumeiona lugha ikificha. Inaweza pia kufichua, na historia ya dunia ina mifano ya kutisha. Katika kitabu cha Waamuzi, Wagileadi waliwatambua Waefraimu kwa neno moja, Shibolethi, ambalo wenzao hawakuweza kulitamka. Mtu aliponzwa na sauti moja ya kinywa chake.

Siku hizi mtihani huo hufanyika ofisini. Tangu miaka ya 1990 nchi kadhaa za Ulaya zimekuwa zikirekodi sauti za waomba hifadhi na kuzichambua ili kujua walikotoka. Kwa Kiswahili, mfano ulio karibu nasi ni wa Wabajuni. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wanamgambo wenye silaha waliwapora na kuwafukuza Wabajuni wa Kismayu na wa visiwa kama Chula na Koyama. Walikuwa watu wachache, wavuvi, wasio na ukoo mkubwa wenye bunduki wa kuwatetea. Wengi walikimbilia Mombasa, wakakaa kambini Jomvu, na baadhi wakafika Uingereza. Huko waliulizwa: kama kweli ninyi ni Wabajuni wa Somalia, semeni Kibajuni.

Fikirini juu ya mtoto aliyetoka Chula akiwa na miaka mitatu, akalelewa kambini kati ya Waswahili wa Mombasa. Atasema nini mbele ya kinasa sauti? Atasema Kiswahili cha Mombasa, maana ndicho alichokulia. Lahaja ya bibi yake ataijua kwa maneno ya jikoni na ya baharini tu. Kwa hofu ya kuchekwa, au ya kutambulika, wazazi wake huenda waliacha kuizungumza mbele ya watu. Kile kilichomfaa Mombasa kinamponza London. Kiswahili kilichomficha ndicho kinachotolewa kama ushahidi kwamba hakuhitaji kujificha.

Mwaka 2004 kikundi cha wanaisimu kutoka nchi mbalimbali kilitoa mwongozo juu ya matumizi ya uchambuzi wa lugha katika kesi za wakimbizi. Hoja yao kuu ni nyepesi na ya haki: lugha huonyesha mahali mtu alipokulia kijamii, haionyeshi uraia wake. Waliongeza kwamba uchambuzi wa namna hiyo ufanywe na wanaisimu wenye sifa, wala si na mtu yeyote kwa sababu tu anaijua lugha. Derek Nurse, mtaalamu wa siku nyingi wa Kibajuni, ni miongoni mwa walioandika juu ya kesi hizo. Tunaofundisha lahaja za Kiswahili hatuwezi kusema kwamba hayo hayatuhusu. Ramani ya lahaja tunayoichora ubaoni kwa mistari iliyonyooka huweza siku moja kuwekwa mbele ya hakimu, naye akadhani kwamba mistari ile ni kuta.

8.0 Nani Amemficha Nani?

Sasa nirejee kwenye neno maficho na ile ji- isiyokuwamo. Tumezoea kuisimulia habari ya familia iliyojificha kana kwamba familia hiyo ilifanya kila kitu peke yake. Lakini mtaa una masikio. Katika mtaa wa nyumba zilizobanana, ambapo maji huchotwa pamoja na misiba huzikwa pamoja, ni vigumu kuamini kwamba hakuna aliyewahi kusikia r ilipopaswa kuwa l. Walisikia. Mwalimu aliyeliandika jina la tatu kama alivyoambiwa, bila kuuliza mara ya pili. Mjumbe wa nyumba kumi aliyesema “huyu ni wa kwetu”. Bibi jirani aliyemsahihisha mtoto matamshi kabla hajaenda shule: hao nao walificha. Kutouliza ni tendo la lugha kama lilivyo kuuliza. Adabu ya Kiswahili, ambayo humpa mgeni salamu, maji na mahali pa kukaa kabla ya kumwuliza shida yake, imewasitiri watu wengi kuliko sheria zote nilizozitaja.

Lakini adabu haitoshi, kwa kuwa inategemea moyo wa mtu, na moyo hubadilika pakitokea ugomvi wa mpaka wa shamba. Jirani anayeijua siri yako ni mlinzi wako leo, na kesho anaweza kuwa mdai. Ndiyo maana uamuzi wa kisheria uliofuata una uzito wa pekee. Mwaka 2007, kati ya watu wapatao 218,000 waliokuwa katika makazi yale matatu, takriban asilimia 80 walichagua kuomba uraia wa Tanzania badala ya kurudi Burundi. Mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa. Kulikuwa na mpango wa kuwatawanya katika mikoa mingine. Mpango huo ulisimamishwa, na vyeti vilianza kutolewa kwa wingi Oktoba 2014, wenyewe wakiruhusiwa kubaki walipo. Katavi yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa mkoa kamili tangu mwaka 2012, ikimegwa kutoka Rukwa.

Kiisimu, cheti kilibadilisha neno. Waliokuwa wakimbizi waliitwa raia wapya. Ni jina la heshima kuliko la kwanza, lakini kivumishi hicho kingali kinadai maelezo. Nomino nyingi huacha kuitwa mpya baada ya muda: nyumba mpya huwa nyumba, bibi arusi huwa mke. Je, raia mpya huwa raia lini? Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1985, na mwanawe aliyezaliwa mwaka 2012, wataitwa wapya hadi lini? Swali hilo halijibiwi na Idara ya Uhamiaji peke yake. Hujibiwa kila siku sokoni na darasani, na anayelijibu ni mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili.

9.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba historia ya uenezi wa Kiswahili haina budi kuwaingiza waliojifunza lugha hii ili wasionekane, na kwamba ufasaha wao, tunaousifu, huenda ulinunuliwa kwa ukimya wa nyumbani. Pili, kwamba mabadiliko madogo kabisa tunayoyafundisha kama vipengele vya fonolojia na mofolojia, r na l, ba- na wa-, yamewahi kuamua kama mtu atalala kwake au atalala kituoni. Tatu, kwamba lugha haiwi maficho kwa nguvu ya anayejificha tu. Huwa maficho kwa ridhaa ya wenyeji wake.

Kutokana na hayo yapo majukumu yanayotupasa. Mwanafunzi atakayekwenda Mpanda, Katumba au Mishamo kukusanya data ya lafudhi, akumbuke kwamba kinasa sauti chake kinafanana sana na kile cha afisa wa uhamiaji. Aeleze anachokitafuta, apate ridhaa, aondoe majina, na pale ambapo mtu amekwisha kusahauliwa na majirani kuwa alitoka mahali pengine, asimkumbushe. Mwalimu wa shule asichekeshe darasa kwa matamshi ya mtoto. Mtaalamu atakayeitwa kutoa ushahidi juu ya Kiswahili cha mwomba hifadhi aseme anachokijua na aishie hapo.

Na kwa wale ambao sasa wana vyeti mikononi, wanaoweza kuandika bila hofu, taaluma yetu ina ombi. Ziko nafasi za tatu zilizojazwa majina ya kubuni katika madaftari ya shule kwa miaka hamsini. Yale majina ya kweli, zile sentensi fupi za Kirundi zilizomtaja Mungu, bado yamo vichwani mwa wazee wachache. Wakitaka kuyasema, na wakati wautakao wao, pawepo mtu wa kuyaandika vizuri, kwa tahajia sahihi, pamoja na tafsiri yake kwa Kiswahili, ili mjukuu asomaye Makanyagio ajue babu yake alikuwa akiitwa nani, na kwamba jina hilo lilikuwa na maana.